Aora opong': simu ya sekunde 41 iliyohamisha watu usiku wa kafyu

Hiki kisa nimekaa nacho miaka mingi nikisema nitakiandika, sasa wacha nikiandike chote, juu naona bado vijana wanaingia studio wanapewa maiki bila mtu kuwaambia haya mambo. Ni kisa cha usiku mmoja tulipotangaza vibaya habari ya mto, wiki ya kwanza ya Mei 2020, kwa stesheni ndogo hapa Kisumu ambayo sitaitaja jina, mimi nikiwa produsa wa kipindi cha usiku. Mtangazaji pia simtaji. Kosa lilikuwa la sisi wote na venye tulikuwa tumejipanga, na yeye akitajwa peke yake watu watamwangushia mzigo wote.

Kwanza mkumbuke hali ilivyokuwa. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Shule zimefungwa. Mvua ya masika haipumziki. Na ziwa limejaa, mwezi huo huo wa Mei Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja huko Uganda, likapita ile rekodi ya 1964 ambayo wazee wetu walikuwa wanatuhadithia tukidhani wanaongeza chumvi. Sasa ziwa likijaa hivyo, mto Nyando unakosa pa kumwaga. Nyando inatoka juu huko Londiani, Tinderet na milima ya Nandi, inashuka kwa kasi ikiwa imebeba udongo mwekundu, ikifika Kano, hapa mashariki ya Kisumu, inakutana na ardhi tambarare kabisa, inapunguza mwendo, inaangusha ule udongo, na kitanda cha mto kinapanda mwaka kwa mwaka. Ndio maana kuna matuta kando ya mto, watu wanayaita daiki, na ndio maana mtu wa Kano akilala usiku wa mvua analala sikio moja likiwa nje.

Sikio la pili liko kwa redio. Sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zina redio ya kawaida, hapo hujahesabu ile ya kwa simu wala ya matatu. Lakini namba hazikuonyeshi kitu chenyewe. Mimi nimeona kiredio kwa nyumba moja huko chini ya Ahero, mfuniko wa betri umepotea, betri zimeshikwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, antena ilivunjika wakachomeka waya wa hanga, na hako karedio kamewekwa juu ya kabati mahali pa heshima kando ya picha ya marehemu. Stima ikipotea (na mvua ikinyesha inapotea), TV imekufa, simu imebaki chaji kidogo inatunzwa kwa dharura, karedio kanaendelea kuongea. Usiku wa kafyu hakuna jirani wa kuuliza, hakuna sokoni, hakuna kijiwe. Kuna sauti hiyo moja tu. Kwa hivyo kitu inasema kinachukuliwa kama kilivyo.

Upande wetu studio tulikuwa wawili usiku, mtangazaji na mimi. Kabla ya korona tulikuwa watano. Matangazo ya biashara yalikuwa yamekauka kabisa, hoteli zimefunga, mabasi hayaendi, mishahara imekatwa nusu, na kwa sababu ya kafyu anayefanya kipindi cha usiku alikuwa analala hapo hapo kwa godoro nyuma ya chumba cha rekodi. Ilikuwa wiki ya sita tunaishi hivyo. Tulikuwa na laini moja ya simu, hiyo hiyo inatangazwa hewani kila dakika kumi. Mashine ya kuchelewesha sauti, ile inakupa sekunde kadhaa za kukata kitu kabla hakijatoka, hatukuwa nayo. Mtu akipiga, nikifungua sauti, Kano nzima inamsikia papo hapo.

Kipindi kilikuwa cha salamu. Mtu anapiga, anasalimia watu wake watano, anachagua wimbo, basi. Lugha ilikuwa Kiswahili na Dholuo zikichanganyika, ila tuliegemea Kiswahili, na kulikuwa na sababu nzuri. Wasikilizaji wetu hawakuwa Waluo peke yao. Kulikuwa na wakata miwa wa Muhoroni na Chemelil ambao wametoka kila mahali, kulikuwa na Wanandi na Wakipsigis wa huko juu, kulikuwa na Waluhya, na wachuuzi wa soko la Ahero. Nitarudi kwa hii maneno ya lugha juu ndio ilitupeleka kombo, na baadaye ndio ilitusaidia.

Saa tatu na dakika nane usiku mzee mmoja akaingia laini. Sauti ya upepo nyuma, na chura, mnajua vile chura wa Kano wanapiga kelele mvua ikikatika. Akasalimia kwa heshima, akamwita mtangazaji "nyara", yaani binti yangu, na yeye akamjibu "Jaduong', karibu", yaani mzee, karibu. Mzee hakutaka salamu wala wimbo. Alianza kuongea haraka kwa Dholuo, kuna neno moja alilirudia mara tatu, laini ikaanza kukatakata, halafu ikafa. Sekunde 41. Najua ni 41 kwa sababu kompyuta ya studio inarekodi kila kitu kinachotoka hewani na nimeirudia hiyo rekodi mara nyingi sana.

Mtangazaji alivuta pumzi. Yeye mwenyewe ni wa Kano, mamake mzazi anaishi huko mpaka leo. Niliona uso wake umebadilika. Akasema kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, kwamba ndugu zetu wa Kano, habari imetufikia sasa hivi, daiki imepasuka, maji yanakuja, kama uko karibu na mto toa watoto uhame sasa, usingoje asubuhi.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mitambo, kidole kiko karibu na kitufe. Ningeweza kuweka wimbo. Ningeweza kumwonyesha kwa mkono ngoja kwanza. Sikufanya. Nilimwamini, na yeye alimwamini mzee, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemuuliza mzee swali hata moja.

Kilichofuata ndio sehemu naomba watu wa redio waisome polepole. Simu zilianza kuingia mfululizo. Wa kwanza mama, analia, anasema ndio, maji yanakuja, watu wanakimbia. Wa pili kijana wa boda, anasema huku kwetu watu wameshatoka, ni kweli. Wa tatu mama mwingine, anasema anasikia maji yakinguruma. Tukaangaliana na mtangazaji, tukaona basi, watu watatu wamethibitisha. Na yeye akarudia tangazo, safari hii kwa uhakika zaidi. Lakini nikiskiza rekodi leo, huyo mama wa kwanza alisema watu wanakimbia, hakusema ameona maji. Kijana wa boda hivyo hivyo. Walikuwa wanakimbia kwa sababu ya nani? Kwa sababu yetu. Tangazo letu lilikuwa limeenda Kano, likamfukuza mtu nyumbani, huyo mtu akatupigia kutuambia amefukuzwa, na sisi tukamhesabu kama shahidi. Mwangwi wa sauti yetu wenyewe ulirudi tukaupokea kama habari mpya. Na yule wa tatu aliyesikia mngurumo, mto uliojaa unanguruma kweli, hata kama daiki iko imara kabisa.

Nikaanza kutafuta wa kuuliza. Namba ya chifu niliyokuwa nayo ilikuwa imezimwa. Namba ya ofisi ya serikali niliyopewa miezi iliyopita ikaita bila kujibiwa, saa tatu usiku ofisi iko na nani. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, naijua kwa kichwa, lakini kufika hapo simu yangu mwenyewe ilikuwa imeisha chaji na ya studio ilikuwa imejaa wapigaji. Yaani sisi ambao kazi yetu ni mawasiliano tulikosa simu ya kupiga. Ilipofika karibu saa nne kasorobo nikampata naibu wa chifu wa kata moja ya huko kupitia binamu yangu. Alikuwa amesimama juu ya tuta na tochi. Akaniambia kwa ukali, na alikuwa na haki ya kuwa mkali, kwamba mto umejaa, maji yako chini ya ukingo kama mkono mmoja hivi, lakini daiki haijapasuka popote alipopita, na nani aliwaambia imepasuka?

Sasa hapo ndipo tulifanya kosa la pili, na kwangu mimi hilo ndilo kubwa. La kwanza lilikuwa la haraka na hofu. La pili tulikuwa tunajua. Tulijadiliana wimbo ukicheza, mtangazaji akasema tukisema tumekosea saa hii watu waliotoka watachanganyikiwa zaidi, mimi nikasema wenye stesheni watatufuta kazi, na mwisho tukakubaliana kusema maneno ya kati. Akarudi hewani akasema habari za mafuriko bado tunazifuatilia, watu wawe watulivu. Halafu tukaweka nyimbo za injili karibu dakika ishirini. Marekebisho kamili, yanayosema daiki haijapasuka, yalisomwa saa kumi na mbili asubuhi kwa taarifa ya habari, na msomaji mwingine, mara moja tu, katikati ya habari za korona.

Usiku huo Kano ilikuwaje? Nilienda mwenyewe siku ya pili nikaongea na watu. Familia kadhaa zilitoka zikielekea barabara kuu ya Kisumu-Kericho, kwa giza, kwa matope, wakakutana na askari wa kafyu ambao hawakuwa wameskiza redio yetu na hawakuwa na habari yoyote ya mafuriko, wakarudishwa. Mama mmoja aliniambia alisimama katikati, nyuma anaamini kuna maji, mbele kuna askari, mtoto mgongoni na mwingine ameshika leso, na hakujua ni kipi cha kuogopa kwanza. Wengine walilala kwa veranda ya shule ya msingi, wamejazana, wakati huo tunaambiwa kila siku tukae mbali mbali. Bibi mmoja mzee alianguka kwa mfereji wa mashamba ya mpunga akavunjika mkono. Huyo bibi nilimwona. Alikuwa amefungwa mkono na kipande cha mbao na kitambaa, akaniuliza kama mimi ndio yule wa redio, nikamwambia mimi ni wa kubonyeza mitambo, akasema basi waambie wenzako mimi niliwaamini.

Kama kisa kingeishia hapo kingekuwa kibaya na tungesameheana. Lakini siku nne baadaye maji yalikuja kweli. Hayakupasua daiki, ziwa lilisukuma kutoka chini na mto ukamwagika juu ya tuta sehemu mbili, usiku tena. Safari hii tulikuwa na naibu wa chifu kwa simu, tulikuwa na uhakika, tukatangaza saa nne usiku, mtangazaji yule yule, maneno karibu yale yale. Na watu wengi hawakutoka. Msikilizaji mmoja alipiga akasema kwa upole tu, "Dada, juzi pia mlituambia." Hakuna aliyekufa kati ya wale ninaowajua, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini watu walipoteza mpunga uliokuwa umevunwa na kuwekwa ndani, kuku, godoro, ng'ombe mmoja aliyekuwa amefungwa, na daftari za watoto ambao walikuwa wanafuata masomo ya redio wakati shule zimefungwa. Watu wangetoka siku hiyo. Waliacha kutoka kwa sababu tulikuwa tumeshatumia imani yao siku nne nyuma, kwa kitu ambacho hakikuwepo, na hatukuwaambia wazi kwamba tulikosea.

Sasa tuangalie kile mzee alisema. Siku ya tatu nilikaa chini na mtangazaji tukaiskiza ile rekodi pamoja, na spika kubwa, tukiisimamisha kila sekunde. Neno alilorudia mara tatu ni "aora opong'". Mto umejaa. Halafu akasema wanaume waje na magunia ya mchanga pale kwenye tuta. Hapo ndipo laini ilianza kukatika. Hakusema daiki imepasuka. Hakusema watu wahame. Mzee alikuwa anaomba wasaidizi! Alikuwa amesimama pale mapema, wakati bado kuna kitu cha kufanya, anaita vijana. Na sisi tulichukua ombi la msaada tukaligeuza kuwa amri ya kukimbia, na vijana ambao wangebeba mchanga ndio wa kwanza kubeba mama zao kwenda barabarani.

Mtangazaji alilia. Alisema alisikia "imepasuka" na angeapa mahakamani kwamba alisikia. Mimi namwamini. Kichwani alikuwa na mamake, na miaka yote ya utoto wake Kano neno mto na neno usiku zikikutana mwisho wake ni kupasuka. Alitafsiri kitu alichokuwa anakiogopa. Na alitafsiri kutoka Dholuo kwenda Kiswahili ndani ya pumzi moja, hewani, akiwa hajalala vizuri wiki sita. Mtu yeyote angeteleza. Ndio maana nasema jambo la kupanga ni zile sekunde kati ya sikio na maiki, nani anakaa hapo na anauliza nini. Kwetu hakukuwa na mtu hapo.

Na swali lenyewe ni dogo tu. Jaduong', uko wapi saa hii, unaona nini kwa macho yako, maji yamefika wapi ukilinganisha na kitu tunachokijua? Mzee angejibu niko juu ya daiki, maji yako chini ya ukingo mkono mmoja. Kisa kingeisha hapo. Swali la pili kwa mpigaji wa pili: umeona maji, ama umeona watu wakikimbia? Hapo pia kingeisha. Tulikuwa na nafasi angalau tano za kusimama na hatukusimama hata moja.

Kuna mtu ataniambia hii ni redio ya kijiji, mbona unaifanya kubwa. Nitamjibu hivi. Tarehe 1 Agosti 1982 wale wanajeshi wa anga walipotaka kuchukua nchi walienda VOK, redio ya taifa wakati huo, alfajiri, wakamtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake, wakamlazimisha chini ya bunduki atangaze kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Moi mwenyewe alikuwa hapa karibu, Kabarak, upande wa Nakuru, na bado alikuwa Rais, lakini kwa masaa kadhaa mwananchi aliyekaa Kisumu ama Nakuru na redio yake aliamini hana serikali, kwa sababu sauti anayoijua imesema. Baadaye askari watiifu wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed wakaikomboa stesheni, na nani akatangaza kwamba serikali iko? Mbotela huyo huyo. Mimi hapo naona somo la marekebisho ambalo halifundishwi: nchi iliambiwa uongo na sauti moja, na ikatulizwa na sauti ile ile, siku ile ile. Sisi tulidanganya na sauti ya usiku inayopendwa, tukarekebisha na sauti ya asubuhi ambayo watu wa usiku hata hawaijui. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ina kanuni za uandishi zinazosema kosa lirekebishwe haraka na kwa uzito unaostahili. Tulikuwa nazo zimechapishwa, zimebandikwa ukutani jikoni. Uzito unaostahili kwa redio ni saa ile ile, sauti ile ile, na mara nyingi kama kosa lilivyorudiwa. Tulirudia kosa mara nne. Tungepaswa kurekebisha mara nne, usiku ule.

Na kuna 2007, vurugu za baada ya uchaguzi. Watu wa Kisumu hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 30 Desemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na baadaye tume ya Waki, ile iliyochunguza vurugu hizo, ilisikia malalamiko mengi kuhusu stesheni za lugha za nyumbani na wapigaji simu walioachwa waseme chochote. Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang, alifikishwa mpaka The Hague, kwa mahakama ya kimataifa ya ICC, na kesi hiyo ilisitishwa tarehe 5 Aprili 2016 bila yeye kupatikana na hatia. Mimi siko hapa kuhukumu nani alisema nini. Ninachokumbuka ni vile kila lugha ilikuwa na stesheni yake na kila stesheni ilikuwa na ukweli wake, na mtu wa Muhoroni alikuwa anaskiza hofu ya upande huu na jirani yake ng'ambo ya shamba la miwa anaskiza hofu ya upande ule, wote saa hiyo hiyo.

Hii inanirudisha kwa mto, na kwa lugha. Napenda redio za lugha zetu, nimekua nazo, bibi yangu hangejua chanjo ya ng'ombe bila hizo. Lakini Nyando inaanzia kwa Wakipsigis na Wanandi na inaishia kwa Waluo. Mvua ikinyesha Londiani mchana, wa kwanza kuiona ni mtu anayeskiza stesheni ya Kikalenjin. Maji yakifika Kano, anayelowa ni mtu anayeskiza stesheni ya Dholuo. Katikati hakuna anayewaunganisha, isipokuwa Kiswahili. Usiku ule tulikuwa na wasikilizaji Koru na Fort Ternan, watu ambao mto unapita kwao kabla haujafika kwetu, na hakuna hata mmoja tuliyemuuliza hewani jamani huko juu maji yakoje. Tungeuliza hivyo tu, simu ya Koru ingetupa habari ya maji ambayo bado yako njiani. Hiyo nguvu hakuna stesheni ya lugha moja inayo. Sisi tulikuwa nayo na tukaitumia kusalimiana.

Tulibadilisha nini? Si mengi, pesa hazikuwepo. Mashine ya kuchelewesha hatukununua. Tulinunua simu ya vibonye, ya bei ya chini kabisa, tukaweka laini ambayo haijawahi kutangazwa hewani hata siku moja. Tukaanza daftari, lile la kurasa mia mbili la shule, ndani yake namba za watu wenye macho: fundi wa pampu kwenye mashamba ya mpunga, mama wa chai karibu na daraja la Ahero, mlinzi wa kiwanda cha sukari, mwalimu wa Koru, naibu wa chifu yule mkali. Hawalipwi. Tunawatumia kredit kidogo mwisho wa mwezi. Ukurasa wa kwanza nimeandika maswali matatu kwa kalamu nyekundu, na anayeshika zamu anasoma hayo maswali kwa mpigaji kabla sauti haijafunguliwa, hata kama mpigaji ni mamake. Stesheni kubwa zina vyumba vya habari na watu thelathini, sawa, lakini daftari na simu ya vibonye haiwezi kumshinda mtu yeyote.

Na marekebisho tuliyafanya, kwa kuchelewa. Jumapili ya wiki iliyofuata, saa tatu usiku, mtangazaji alirudi hewani akasema kwa Kiswahili kisha kwa Dholuo: mzee alisema mto umejaa, mimi nikasema umepasua daiki, nilikosea, na hatukuwaambia usiku ule tulipojua. Alirudia kila nusu saa mpaka kipindi kikaisha. Wenye stesheni hawakutufuta. Simu ziliingia, na wengi walikuwa na hasira, tukawaachia waseme.

Kitu cha mwisho nilikipata kwa bahati. Nilikuwa nasafisha orodha ya simu ya studio, zile zilizopigwa zikakosa kupita, nikaona namba moja imejirudia usiku ule. Mara kumi na moja, kati ya saa tatu na dakika kumi na mbili na saa nne kasoro dakika ishirini. Nikaifuata, ilikuwa ya mzee. Nikaenda kwake. Alikuwa amesikia tangazo letu kwa karedio kake dakika ile ile, akajua tumemsikia vibaya, akapanda tena juu ya tuta kutafuta netiwaki, akapiga, akapiga, na kila mara laini imejaa watu tuliowatisha. Hakunilaumu. Aliniambia alikuwa anataka kusema neno moja tu, "podi". Bado.

Namba yake ndiyo ya kwanza kwa daftari. Mvua za mwisho wa mwaka huo alipiga ile laini ya siri saa nane usiku, mtangazaji akaipokea yeye mwenyewe, na kabla hajafungua mdomo kuuliza, mzee akaanza: niko kwa daiki, nimesimama, nina tochi, maji yako kwa jiwe la pili.